Saa za Bwana Wangu Niliziita Mbovu Mbele ya Wakwe

Nifichieni jina, wanangu, maana Nizwa ni ndogo na mimi najulikana kwa biriani yangu. Ni mama wa miaka hamsini na tisa, mzaliwa wa Unguja Mjini, niliyeletwa Oman nikiwa mtoto. Sikusoma sana lakini nimesomesha. Mwanangu wa kiume ni mhandisi, binti yangu Nasra ni daktari Maskat, mashaallah, na nyumba tumejenga wenyewe, ghorofa mbili na sardabu chini. Sisemi kwa kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Lakini nataka mjue sikukosa kitu, ndiyo maana hili nililolifanya halina udhuru.

Sardabu ni chumba cha chini ya nyumba, na chetu kilikuwa cha bwana wangu na saa zake. Tangu alipostaafu anakusanya saa za ukutani, zile za mbao zenye kengele zilizokuwa katika majumba ya kwetu Unguja. Watu wetu wa Ibra, wa Sur, wa Manah, mzee akifariki na watoto hawaitaki saa yake, humletea yeye. Anaisafisha, anaitia ufunguo, anaitundika. Na zote anazitia saa ya Kiswahili, kama zilivyokuwa kwa wenyewe. Jua likizama hazipigi sita, zinapiga kumi na mbili, nyumba nzima inalia! Ya marehemu mama yangu imo humo, na siku zote huwatangulia wenziwe. Bwana wangu hucheka, "Msikie mama yako, mpaka leo hajaacha haraka zake."

Sasa mwanangu kaposa Ibra, kwa watu wakubwa, Waarabu watupu wasiojua neno la Kiswahili. Nikajigamba kwao kwamba baada ya ndoa kufungwa wanawake wao watakuja kula kwangu, katika majilisi mpya, sebule ya wageni nitakayoitengeneza humo sardabuni, yenye dari ya jipsamu na taa za kufichwa. Bwana wangu hakunikatalia. Alisema tu, "Tengeneza utakavyo, Mama Nasra, lakini ukuta mmoja niachie." Nikamwahidi. Akenda Maskat kufanyiwa operesheni ya macho, akabaki kwa binti yake apumzike.

Alasiri moja mama wa bibi harusi akaja na dada zake kuangalia kazi inavyokwenda. Tumo chini, namwonesha marumaru, saa zikaanza kupiga. Kumi! Yule mama akatazama saa yake ya mkononi, ni saa nne kwa Kiarabu. Akaniuliza, "Kharbana zote hizi? Hakuna hata moja nzima?" Dada zake wakacheka. Mmoja akasema, "Labda ndiyo saa ya Zinjibari!" Wakacheka zaidi.

Wanangu, nilichotakiwa kusema ni kidogo tu. Kwamba ndiyo, ndiyo saa ya Zinjibari, kwetu siku inahesabiwa kwa jua, na hakuna iliyokosea hata moja. Kiarabu ninakijua vizuri. Lakini nilihisi uso unaniwaka. Niliona kama miaka yote hii, nyumba, watoto, kila kitu, bado ni mgeni aliyeshuka jana. Nikasema, "Kharbana, wallahi. Takataka za mzee. Zinatoka leo hii." Na ili wasadiki, nikampigia mtu wa vyuma chakavu wa Firq. Akaja na pikapu wakiwa bado wanakunywa kahawa. Mimi mwenyewe niliishusha ya mama yangu nikampa. Ilikuwa inatembea.

Asubuhi yake nikaenda Firq mbio. Shaba zimeshang'olewa, mbao zimevunjwa. Imebaki moja tu, na si ya mama yangu. Yule mtu wa vyuma akanikabidhi anatabasamu: "Mama, hii ilikuwa inakosea, nimekutengenezea." Nikaichukua nikaitundika, akili sina.

Bwana wangu hupiga simu kila magharibi. "Umezitia ufunguo?" Nami hujibu, "Nimezitia." Juzi akasema, "Nimezikumbuka, hebu nisikilizishe." Nikashuka na simu, nikasimama mbele ya ile moja. Ikapiga sita, ikanyamaza.

Naye akauliza, "Mama Nasra, nani kaitia saa ya Kiarabu hiyo?"

"Fundi wa jipsamu," nikasema. "Kaigusa."

"Basi usimgombeze, maskini, hajui. Na wenziwe? Na mama yako, mbona sikumsikia?"

"Zimekwisha ufunguo."

"Zitie basi. Usiziache zilale, zitazoea."

Nikasema, "Haya." Nimemsingizia fundi wa watu, tena mtu mwema anayekula chakula changu.

Jumamosi anarudi. Macho yake hayajakaa sawa, lakini masikio ni mazima, na kitu cha kwanza atakachofanya ni kushuka ngazi zile. Mwanangu, na usomi wake wote, ananiambia, "Mama, sema maji yaliingia, yakaziharibu." Uongo mwingine tena. Na wiki ijayo wale wakwe watakaa humo humo, wasifu dari yangu, na ule ukuta alioniomba bado upo, una misumari tu.

Nitukaneni, nimestahili, lakini mkimaliza mniambie. Nimweleze kwa simu akiwa bado kwa binti yake, apate wa kumliwaza, au nimngoje ashuke mwenyewe akisikie kile kimya? Na wale wageni, niwaambie kweli ya zile saa mbele yake, kwa Kiarabu changu hiki hiki nilichozikania? Nishaurini mama yenu, nianzie wapi? Magharibi inakaribia, simu italia.