Aliyevuta Bega la Kyalo

Usiponiamini sitakulaumu. Hata mama yangu kule Mbooni aliniambia nimechoka tu, niombe likizo. Lakini niliyoyaona niliyaona mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi hupiga picha za altrasaundi katika kliniki moja mjini Kitui. Alasiri moja aliingia kijana wa Matinyani, tumwite Kyalo. Bega lake la kulia lilikuwa likichomoka ovyo, hata akianika shati. Na yeye ni fundi wa ujenzi. Bila bega atakula nini? Daktari alitaka kujua limelegea kiasi gani ndipo aamue kama atapasuliwa.

Nyuma yake akaingia mwanamume mwingine, wamefanana pua na macho, miguu imejaa mchanga mbichi. Nikajua ni nduguye amemsindikiza. Nilikasirika kimoyomoyo, maana sakafu ile nilikuwa nimetoka kuipangusa mwenyewe.

Chumba chetu huwa na giza kidogo ili kioo cha mashine kionekane vizuri. Nikampaka Kyalo jeli, nikaweka kifaa begani, nikaona kichwa cha mfupa kimetulia mahali pake. Sasa, kipimo hiki kinahitaji mtu wa kuuvuta mkono taratibu kwenda chini, huku mimi natazama mfupa unavyoteleza. Mwenzangu alikuwa ameenda kula. Nikamwambia yule mwanamume, "Hebu shika mkono wake, vuta kidogo."

Akashika, akavuta. Mfupa ukashuka, ukazidi kushuka.

"Basi, achilia." Wapi! "Wewe, nimesema achilia, utamuumiza!"

Kyalo akageuza shingo, jasho linamtiririka. "Daktari, unaongea na nani?"

"Na huyu ndugu yako."

"Aiya! Mimi nimekuja pekee yangu." Akautazama mkono wake. "Ndugu yangu alikuwa Muema. Tulikuwa tunachimba kisima mtoni, cha ng'ombe, mchanga ukamfunika. Nilimshika mkono, nikavuta mpaka bega yangu ikachomoka. Hapo ndio mkono yake iliniponyoka."

Niliogopa, nakwambia, nikamgeukia yule mwanamume. Sijui sauti niliipata wapi. "Muema, tafadhali, mwachilie."

Akanitazama. Kisha akaachilia. Kwenye kioo mfupa ukapanda, ukarudi mahali pake, na Kyalo akalia kama mtoto.

Muema akaja upande wangu, akaninyooshea mkono, kama mtu anayeaga. Sasa mimi nimelelewa: mtu akikupa mkono, unapokea. Mkono wangu ulitoka kabla akili haijafika. Wake ulikuwa baridi, una punje za mchanga. Nilipofumba na kufumbua, hakuwepo.

Kyalo siku hizi anabeba mawe, bega halijamchomoka tena. Langu lilichomoka wiki iliyofuata, nikianika nguo. Nikafunga mlango wa kliniki, nikajipima mwenyewe. Mkono niliulaza pajani, hakuna aliyeugusa, na bado kwenye kioo niliuona mfupa ukishuka polepole. Muema hakumwachilia nduguye bure. Alikuwa amepata mkono mwingine wa kushika.

Kwa hiyo sikia, wewe unayenisoma. Mtu usiyemjua akikunyooshea mkono, msalimie kwa mdomo kwanza, ungoje ajibu. Asipojibu, tia mikono mfukoni, hata kama utaitwa mtu asiye na adabu.