Matete ya Ukingo wa Ziwa

Hadi leo namwona baba, mwanangu, amesimama kando ya Ziwa Rukwa anacheka peke yake kwa furaha. Tulikuwa tumeshuka kutoka huku Msanzi milimani, miaka ile biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi na matajiri wa Majengo, kule mjini, wakaanza kuleta malori hadi mashambani kufuata mazao. Sisi Wafipa kilimo chetu ni cha matuta: unakata nyasi, unazifukia, zinaoza, kisha unapanda. Baba alipoona matete yamesongamana na tope jeusi chini yake, akaona mbolea ya bure.

"Ng'oeni na mizizi, fukieni yote," akatuambia. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nikashika jembe.

Mzee Masele, mfugaji wa Kisukuma aliyekuwa jirani yetu, akaja kutazama. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akamgeukia baba.

"Mfipa, hayo matete ndiyo yanayoshikilia shamba unalolitaka. Ziwa limeanza kupanda. Mvua zinateremsha udongo kutoka huko juu kwenu, matete yanaunasa, ardhi nayo inainuka pamoja na maji. Ukiyang'oa, udongo utashikwa na nini?"

"Sema tu unawaonea huruma ng'ombe wako wanaoyala," baba akamtania. Tukacheka mpaka basi.

Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, siwezi kukuficha. Masika yaliyofuata ziwa likaja. Matuta ambayo huku juu yangestahimili mvua yoyote, kule yalilainika kama uji, tope likachukuliwa. Maji yakaingia shambani, kisha uani, kisha jikoni kwa mama. Kwa Mzee Masele nako yalipanda, ila matete yalisimama, tope likazidi kujaa kwenye mizizi yake, na bomani kwake pakabaki pakavu. Baba alirudi Msanzi mnyonge, utani wote umemwisha. Iliniuma sana kumwona vile.

Sasa nasikia wewe na wenzako mmepata eneo bondeni, mnataka kufyeka mpaka majini. Msifanye hivyo. Kata majani ukihitaji, mizizi usiiguse. Nyuma ya matete acha nafasi pana bila kulima wala kujenga, ili maji yakisogea, matete nayo yapate pa kusogea. Na aliyeishi pale kabla yako akikuonya, msikilize kwanza, utani baadaye.

Haya, teremka salama. Mungu akupe shamba ambalo wajukuu zangu watalikuta bado ni nchi kavu.