Mmoja Avunje, Mwingine Achague

Mliokulia kwenye sinia moja watu saba mtanielewa haraka. Wengine nawaomba mvumilie. Nyumbani kwetu Uvira, Kongo, kando ya Ziwa Tanganyika, tulipokuwa wadogo, mtoto hakuwa na sahani yake. Sahani ya peke yako ilikuwa ya mgeni, ya mgonjwa, au ya Baba. Sisi tulikuwa na sinia la bati lenye ua jekundu katikati, na lile ua tulilijua vizuri sana, maana kila siku tulikula mpaka likaonekana. Bukari, yaani ugali wetu, iliwekwa pale ikifuka moshi, sombe, yaani kisamvu, pembeni, na juu yake mikebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu. Nikiwakumbuka wale samaki mate yanajaa kinywani, nami ni mtu mzima mwenye heshima zangu.

Mama aliita mara moja tu. Alisimama mlangoni akasema, "Chakula!" na neno hilo lilitufikia ziwani tulikokuwa tunaoga bila ruhusa, likawafikia wavulana kwenye mpira wao wa matambara. Ukichelewa ulikuta miiba, na miiba nayo ulishukuru. Hakuna aliyeuliza tunakula nini. Jibu lilikuwa lilelile la jana.

Siku hizi kula pamoja ni mradi. Binti yangu Gloria, aliyezaliwa hapa Johannesburg, anayesikia Kiswahili chote ila hukijibu kwa Kiingereza, aliamua kusherehekea miaka yake ishirini na saba kwenye mgahawa wa vyakula vya majini wa mtindo wa Cajun, wa kule kusini mwa Marekani. "Keijan, Mama," alinirekebisha mara tatu, kana kwamba wale kaa wangekataa kuliwa na mtu asiyejua kulitamka neno hilo. Akafungua kikundi cha WhatsApp. Kwa siku kumi watu sita walijadili saa ya kula. Wakapiga kura. Mmoja hali ngano, mwingine hali mafuta, wa tatu alitaka kujua kama mwanga wa pale unafaa kwa picha. Mimi nilikuwa nasoma huku nashona, nikamkumbuka Mama pale mlangoni na neno lake moja.

Ningekataa kwenda. Nilishaandaa uongo kuhusu magauni ya bibi harusi. Lakini Gloria alikuja mwenyewe kwenye karakana yangu ya ushonaji, Rosettenville, akasimama mbele ya cherehani mpaka nikaizima, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mama, mi sitaki zawadi. Niko nataka wewe na mjomba meza moja. Hiyo njo zawadi yangu."

Mjomba ni Kashindi, mdogo wangu. Katika watoto saba wa mama yetu, ni sisi wawili tu tuliofika huku kusini. Yeye ni mkubwa wa walinzi kwenye ghala moja kule Jeppestown. Tulikuwa hatujasemezana mwaka mmoja na miezi minne.

Niseme sababu, msije mkadhani tuligombania shamba. Mama alifariki siku ya Alhamisi, na simu kutoka nyumbani ilimfikia Kashindi. Kwetu mtu haambiwi msiba kwa simu, wala haambiwi akiwa peke yake, ila yule mmoja anayepewa kazi ya kuwaita watu. Watu hukusanyika kwanza, wazee wa kanisa na akina mama, wakaja mlangoni kwako kwa pamoja, na ukiwaona tu magoti yanajua kabla ya masikio. Basi Kashindi alingoja wakusanyike, na walikusanyika Jumamosi. Ijumaa ya katikati mimi nilikuwa kwenye sherehe ya mahari ya jirani, na kitambaa changu kipya kichwani, nacheza. Nilikula sahani mbili. Mama yangu alikuwa mochwari nami nakata kiuno, na mdogo wangu alikuwepo palepale ananiangalia. Aliniletea soda. Hiyo soda ndiyo iliyonikaa kooni. Nilimwambia mbele ya waombolezaji wote kwamba sina mdogo, na tangu siku hiyo nikimwona kanisani nilikuwa nahama benchi.

Mama asingetuvumilia hata siku moja. Leo mtoto akinuna anapewa chumba chake anunie vizuri, na mlango unafungwa, na mzazi anabisha hodi kwa adabu kuuliza kama mheshimiwa yuko tayari kuzungumza. Sisi tulinyimwa hata nafasi ya kununia. Watoto wawili wakigombana, Mama aliwakalisha upande mmoja wa sinia, bega kwa bega, akawawekea samaki mmoja. Kisha alitoa sheria yake: "Mmoja avunje, mwingine achague." Halafu akaongeza, akigeukia sufuria zake, "Njaa haijui kununa."

Ilikuwa mahakama kamili. Anayevunja anajua kitakachobaki ndicho chake, kwa hiyo hupima kwa jicho, hupima kwa kidole, ili pande mbili zilingane mpaka kwenye ngozi. Wote tulikuwa mafundi isipokuwa Kashindi. Kashindi hakujua kuvunja. Kila alipopewa samaki, upande mmoja ulitoka na kichwa, tumbo na mayai, na wa pili ukatoka mkia na huruma. Nami, dada mwema, nilichagua kichwa, tumbo na mayai. Kila mara. Nilimwita Mkono Mbovu, na jina likamfuata mpaka shuleni, ambako alikuwa wa kwanza kwa hesabu miaka yote, tena za kugawanya, na mwalimu alimtolea mfano. Tulicheka sana nyumbani. Bingwa wa kugawanya, samaki anamshinda!

Na kabla ya kula kulikuwa na maji. Mdogo alishika jagi na beseni, akawamiminia wakubwa mikononi. Ukimnyooshea mikono umekubali kula naye. Ukiificha mikono yako, afadhali ungemtukana, kwa sababu tusi hujibiwa na yakaisha. Gloria ananiambia siku hizi kuna dawa ya kupaka mikononi, haihitaji maji wala mdogo.

Basi Jumamosi mchana tukawa Sandton, kwenye mitaa ya matajiri, watu sita: Gloria, rafiki zake watatu, mimi, na Kashindi ambaye Gloria alimkalisha mbele yangu uso kwa uso. Mhudumu, kijana mcheshi kutoka Alexandra, akatufunga bibu, kama watoto wanaolishwa uji. Mimi niliyewavisha mabibi harusi wa nusu ya Rosettenville, nikafungwa plastiki shingoni yenye picha ya kaa anayecheka. Sijui alikuwa anacheka nini, ukizingatia yanayompata. Kisha tukapewa glavu. Kisha kijana yule akatueleza, taratibu, kwa upole wa mtu anayewaambia watu jambo zito, kwamba hapa chakula humwagwa mezani na kila mtu hula kwa mikono.

Kwa mikono! Rafiki zake Gloria walipiga makofi.

Nilimtazama binti yangu. Huyu ndiye aliyelia akiwa na miaka tisa kwa sababu wenzake wa shule walitukuta tunakula bukari kwenye sinia, bila uma. Sinia lenyewe ndilo lile lenye ua; Mama alinipa siku niliyoondoka, nikalibeba kwenye mabasi ya nchi nne. Kwa ajili ya machozi ya Gloria nililipandisha juu ya kabati, tukanunua sahani, kila mtu na yake. Na sasa kula kwa mikono kumepata mgahawa, na mgahawa umepata mlinzi mlangoni, na ili kuingia unaweka nafasi wiki mbili kabla.

Mhudumu akauliza ukali wa pilipili. Kulikuwa na ngazi tano, na alimwonya Kashindi kwamba ya tano si mchezo, watu wazima wameilia. Kashindi, mtoto wa mama aliyetulisha pilipili kabla ya meno kukamilika, alimtazama kwa huruma. "Lete hiyo ya tano," akasema, "na pilipili pembeni." Nilitaka kucheka. Nikabana midomo, nikasoma menyu ambayo nilishaimaliza.

Chakula kililetwa ndani ya mifuko ya plastiki, wakakimwaga katikati ya meza juu ya karatasi: kaa, kamba, kome, viazi, soseji, mahindi yaliyokatwa vipande, vyote vinaogelea kwenye siagi na vitunguu saumu. Sisi kwenye sinia letu tulifumba macho tukamwomba Mungu abariki. Wao walifumbua simu. Walipiga picha kutoka juu. Walipiga kutoka pembeni. Mmoja alipanda kwenye kiti. Wakamgeuza kaa mmoja chali kwa sababu ya mwanga, na siagi inaganda.

Hapo ndipo Kashindi alipovua glavu zake. Akaangalia huku na huku, nikajua anatafuta nini kabla yeye hajakipata, kwa sababu hata mimi nilikuwa nimekitafuta kwa macho. Akachukua jagi la maji lililokuwa mezani, lenye barafu na vipande vya limau. Akachukua kindoo walichotuletea cha kutupia maganda. Akaizunguka meza, akasimama pembeni yangu, mgongo umeinama kidogo.

"Yaya," akasema. Ndivyo tunavyomwita mkubwa kwetu. "Maji."

"Eish, baba," mhudumu akasema, "hayo ni ya kunywa!"

Mikono yangu ilikuwa chini, ndani ya zile glavu. Sitadanganya kwamba nililainika, nilikasirika. Niliona kitambaa changu kipya, nikaiona soda. Nikaona pia kwamba mvi zimemshuka Kashindi mpaka kwenye ndevu, na kwamba bado ameinama na jagi lake. Gloria alikuwa ananitazama, na hakuwa ameshika simu. Nikamwonea aibu Mama, ambaye hakuwepo, kuliko nilivyomwonea mtu yeyote aliyekuwepo.

Nikavua glavu. Zilinata, zikakataa kutoka, ikabidi nizivute kwa meno mbele ya watu wa Sandton. Nikanyoosha mikono. Maji yalikuwa ya barafu, yaliuma mpaka kwenye mifupa, na yakaninukia limau siku nzima.

Alipomaliza, Gloria alisimama bila kuambiwa, akachukua jagi, akammiminia mjomba wake. Sijui alijifunzia wapi. Rafiki yake mmoja alifurahi mno, akamuuliza mhudumu kama hiyo sherehe ya maji ipo kwenye kila oda au ni ya siku za kuzaliwa tu.

Tukala. Kashindi hakusema kitu tena, nami sikumsaidia. Kunawishwa ni jambo moja, kuongea ni jingine. Tulikula mpaka karatasi ikaonekana, na katikati akabaki kaa mmoja. Vijana wakasema wameshiba, kwa adabu ya watu wasiowahi kugombania kitu. Kashindi akamchukua.

"Navunja," akasema. "Chagua."

Mhudumu akamletea chuma cha kubanjia magamba, Kashindi akakisukuma pembeni. Akamvunja kwa mikono. Upande mmoja ukatoka kiwiliwili chote na magando yote mawili, umejaa nyama. Upande wa pili ukatoka miguu mitatu myembamba. Kicheko kikanitoka kabla sijakizuia.

"Kashindi! Mpaka leo hujui kuvunja?"

Alikuwa anamtazama kaa, hakunitazama mimi. "Najua, Yaya," akasema. "Nilijua tangu zamani."

Nilikaa na vile vipande mbele yangu. Wa kwanza kwa hesabu miaka yote, tena za kugawanya. Nikawaona samaki wote wale, vichwa vyote, mayai yote, nami nacheka na mdomo umejaa. Kisha nikaiona Alhamisi mpaka Jumamosi. Siku mbili ambazo mmoja wetu alikuwa na mama na mwingine hakuwa naye tena, akaja nazo kwenye sherehe, akasimama nazo kwenye kelele za muziki, akaniletea soda. Nililia pale mezani, na kaa wa kwenye bibu akiendelea kucheka. Gloria akadhani ni pilipili.

Nikachukua ile miguu mitatu.

"Hapana, Yaya, chukua hii," Kashindi akasema.

"Nimeshachagua. Kula."

Sheria ya Mama haina rufaa. Alikula magando yake akijipangusa macho kwa mkono wenye pilipili ya ngazi ya tano, jambo ambalo hata mtoto wa Uvira wa miaka minne anajua halifanywi, tukalazimika kummwagia maji yaliyobaki kwenye jagi.

Gloria ameupa mgahawa ule nyota tano na kuandika kwamba unaunganisha familia. Sawa. Mama hakuwahi kupewa hata nyota moja, na alituunganisha kila siku kwa samaki mmoja, bila bibu.

Jumapili iliyofuata nililishusha sinia kutoka juu ya kabati, nikalisugua mpaka ua likarudi rangi. Nikapika bukari na sombe, nikakaanga samaki wa dukani wa huku, ambao si mikebuka na wanajua si mikebuka. Kisha nikasimama mlangoni, nikasema mara moja tu, "Chakula!" Gloria alikuwa na vile vidude masikioni, hakusikia. Ikabidi nimwandikie kwenye kikundi.

Alipofika, mjomba wake alikuwa ameshamvunja samaki, akamwambia achague. Gloria akatazama pande mbili, akachukua kichwa, tumbo na mayai bila kusita, akacheka kwamba mjomba hajui hata kugawa samaki. Kashindi akainama akala mkia wake. Nami nikanyamaza.