Kioo Kilisema MTAMBO

Nimewahi kumsikia mtu akinitangazia kifo changu kwa sauti ya upole kabisa, na mtu huyo ni kaka wa mke wangu.

Msianze kusema natia chumvi. Nisikilizeni kwanza.

Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga nafaka. Uani kwetu kuna vihenge, yale matangi marefu ya chuma ya kuhifadhia mahindi. Kazi yangu ni kuingia ndani na fito ndefu, kuvunja mahindi yaliyogandamana.

Chini ya kila kihenge kuna parafujo kubwa inayozunguka. Ikiwashwa, inayavuta mahindi kuyatoa nje, na aliyesimama juu yake anavutwa nayo. Ukizama humo unatolewa maiti.

Anayewasha ni shemeji. Anakaa chumba cha mtambo, ghorofani, ng'ambo ya uwanja. Ndani ya vihenge haoni. Kwa hiyo tulikuwa na utaratibu wetu: kabla ya kuwasha anaita kwenye redio ya mkononi mara tatu, "Naamsha." Aliye ndani anajibu, "Nipo." Asipojibiwa, anajua hamna mtu, anawasha.

Nani alibuni utaratibu huo sijui. Tuliukuta, tukaurithi, hakuna aliyewahi kukaa akaufikiria.

Sasa, mimi na shemeji tulikuwa hatuongei.

Yeye hana mke wala mtoto. Siku moja alikuja nyumbani, akakaribishwa chai, akasema, "Nipeni binti yenu akae kwangu. Akae na mjomba wake."

Hivi hivi tu. Bila maelezo.

Mke wangu akaniangalia. Nikasema haiwezekani, mwanangu hajakosa pa kulala. Shemeji akasimama, akaondoka chai ikiwa bado inafuka moshi.

Tangu hapo ikawa salamu hamna. Tukipishana getini anaangalia viatu vyake. Kitu pekee tulichoambizana ni "Naamsha" na "Nipo." Kazini wakatupa jina, wakatuita ndugu wa redio.

Siku ya mkasa ilikuwa mchana kweupe. Mwenzangu anayekaaga juu mlangoni kunishikia kamba alikuwa na ruhusa. Kisheria nilitakiwa nimsubiri mtu mwingine. Nikajiambia naingia mara moja tu, nagonga kidogo, natoka. Hiyo "mara moja tu" imeua watu wengi, basi tu.

Nikapita kwenye chaja, nikachomoa redio.

Kawaida redio zetu zinasikiliza sehemu mbili kwa pamoja, na kioo kinaonyesha mistari miwili ya herufi ndogo kama sisimizi. Juu MTAMBO, chini MIZANI, yaani kule malori yanakopimwa. Siku hiyo nilikuta kioo kina neno moja tu, MTAMBO, herufi kubwa zimejaa pote.

Nikasema safi sana, leo sikodoi macho. Nikaibana kiunoni, nikapanda ngazi, nikashuka ndani.

Nilikuwa nimegonga kidogo tu, tabaka la juu likavunjika chini ya miguu yangu. Nikazama mpaka mapajani.

Nikajaribu kuchomoa mguu mmoja, mwingine ukazama zaidi. Nikawa kiunoni. Mahindi yanaonekana mepesi ukiyashika kiganjani, ila yakikubana kiunoni huendi popote.

Nikabonyeza redio. "Mtambo, nimenasa kihenge cha tatu. Leteni kamba."

Kimya.

Nikarudia. Kimya tena. Nikasema labda kaenda kunywa maji.

Ndipo nikasikia sauti yake, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

"Naamsha."

Nikaibonyeza redio haraka.

"Nipo, shemeji. Nipo ndani. Usiwashe."

Hakunijibu.

Nikaangalia kioo. MTAMBO. Nikaangalia betri, imejaa. Sauti yake naisikia vizuri mpaka pumzi zake. Kama mimi namsikia, yeye anashindwaje kunisikia?

Jibu likanijia lenyewe. Ananisikia. Ananisikia na amenyamaza. Kesho atasema aliita mara tatu kama utaratibu unavyotaka na hakuna aliyejibu. Nani atambishia?

"Naamsha," akasema mara ya pili.

Jamani, kuna mambo mtu anayasema akiwa karibu na kaburi hawezi kuyasema sebuleni kwake. Nililia. Mwanaume mzima, ndevu usoni, nililia kwenye redio.

"Shemeji, kama ni mtoto, mchukue. Nitamleta mwenyewe leo leo na begi lake. Nisamehe, nakuomba. Usimfanye dada yako mjane kwa ajili ya hasira."

Nikaachia kitufe, nikasubiri.

Ikajibu sauti ya mwanamke.

"Nilikuwa nje na lori, ndiyo narudi. We nani unayelia huku mizani?"

Nilimjua, alikuwa dada wa mizani, yule anayepima malori.

"Dada, ni mimi. Nipo ndani ya kihenge cha tatu, nimenasa. Shemeji anawasha, amekataa kunijibu."

"Hajakataa, hakusikii. Maneno yako yote yanakuja kwangu."

"Kioo kinasema mtambo."

"Kiache kioo. Mimi ndiyo nakusikia."

"Basi mwambie wewe."

"Redio yangu ina mizani peke yake, siwapati mtambo. Ngoja."

Nikasikia kishindo cha redio kugonga meza, halafu mlango. Uwanja wetu ni mpana, na dada yule ana mwili. Nikajua miguu yake haitafika.

Nikaanza kuminya vitufe. Nikaingia kwenye menyu nisiyoijua, vidole vimejaa vumbi. Mwanga ukapungua. Nikaminya tena, maandishi yakafifia. Nikaminya tena, kioo kikawa cheusi kabisa. Sikujua tena nimeshika nini.

"Naamsha," akasema mara ya tatu.

Kisha nikaisikia parafujo chini ya nyayo. Ikaanza kuunguruma.

Mahindi yakaanza kushuka. Kutoka kiunoni nikawa tumboni, kutoka tumboni nikawa kifuani. Kila nikitoa pumzi yananibana, na nafasi ya kuvuta nyingine haipo. Nikainua mikono juu. Nikalitaja jina la mwanangu, maana sikuwa na dua nyingine kichwani.

Yakafika shingoni.

Hapo ndipo nikasikia honi. Ikaanza ya lori moja, ikafuata ya pili, kisha foleni nzima ya malori ikapiga honi kwa pamoja, bila kupumzika.

Mngurumo wa chini ukakata.

Baadaye nilielezwa. Dada wa mizani alipoona hatafika kwa miguu, aliwapigia kelele madereva wa kwenye foleni: pigeni honi, mtambo usimame, kuna mtu ndani. Shemeji kusikia honi zote zile akadhani kuna aliyegongwa. Akazima, akakimbilia dirishani, akasikia watu wanapiga kelele: kihenge cha tatu!

Wa kwanza kunifikia alikuwa yeye. Alishuka amefungwa kamba, akaweka ubao, akawa anayachota mahindi mbele ya kifua changu kwa mikono mitupu. Kucha zake zilitoka damu.

Waliponilaza chini uani, nilipata pumzi ya sentensi moja tu.

"Ulitaka kuniua."

"Nakuapia sikukusikia."

Nikamtupia redio. Dada wa mizani akaiokota, akaminya minya, kioo kikawaka tena. MTAMBO, herufi kubwa zilezile.

Shemeji akaichukua, akaisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua. Akakaa chini palepale kwenye vumbi.

"Hii ni yangu," akasema. "Umechomoa yangu."

"Sawa, ya kwako. Ila imeandikwa mtambo, kwa nini ikanipeleka mizani?"

Akaeleza kwa sauti ndogo. Mistari ile miwili ina kamshale pembeni, na sauti yako inatoka kwenye mstari wenye mshale. Kando ya redio kuna kitufe cha kuuhamisha. Yeye aliingia kwenye mpangilio wa kioo, akauficha mstari wa chini ili wa juu uwe mkubwa. Mimi wakati napanda ngazi, mkanda wangu ulikibonyeza kile kitufe. Mshale ukashuka MIZANI, mstari uliofichwa. Kioo kikabaki kinasema MTAMBO. Na yeye, redio yoyote akiishika, huizima sauti ya mizani kwa kirungu cha juu, maana kelele za malori humchanganya, ndiyo maana hakunisikia.

"Na kwa nini uzikuze herufi?" dada wa mizani akamuuliza.

Akaipangusa redio vumbi kwa shati lake.

Dada akachukua ile redio niliyotakiwa kuchukua mimi, ambayo shemeji aliibeba kimakosa asubuhi, akawa nayo mchana kutwa. Akamshikia mbele ya uso.

"Nisomee hapa."

Shemeji akaangalia. Akaangalia tena. Mafundi na madereva walikuwa wametuzunguka.

"Sioni," akasema. "Sioni kitu hapo. Nina muda mrefu sioni."

Mtu anayewasha mashine chini ya miguu yetu.

Nilikuwa na matusi yake yote nimeyapanga mdomoni. Sikuwahi kuyatoa, kwa sababu watu walipotawanyika alinisogelea, akaniinamia sikioni.

"Dada wa mizani ameniambia ulichokuwa unasema kwenye redio. Kuhusu mtoto."

Nikageuza uso kumwangalia.

"Sikumtaka ili awe wangu, shemeji. Nilimtaka awe ananisomea. Dawa nashindwa kujua ipi ya asubuhi ipi ya jioni. Meseji za dada yangu nazipita tu. Nikasema mtoto akiwepo, nitamwambia mjomba amesahau miwani, naye atasoma bila kuuliza. Wewe na dada yangu ningewaambiaje? Mngesema kazini, na kule wangeniondoa. Nikiondolewa, nakaa nyumbani na nani?"

Nililala pale chini nikiangalia mbingu, na nikalia kuliko nilivyolia ndani.

Tulikwenda kwa bosi pamoja, mimi nikiwa bado na mahindi ndani ya viatu. Alisema mwenyewe, sikumsaidia neno. Wakamwondoa mtambo siku ileile, na walifanya sawa. Daktari alisema jicho moja limeshakwenda, angewahi lingepona. Lile lingine analo bado kidogo.

Utaratibu wa kiwanda nao umegeuzwa. Siku hizi hakiwashwi kitu mpaka aliyekuwa ndani aonekane nje kwa macho, kwenye mlango wa mtambo, akiwa mzima.

Binti yangu hupitia kwa mjomba wake kila akitoka shule. Anamsomea dawa, anamsomea meseji, na mara nyingine anamsomea hata vitu visivyo na maana, maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni, ili tu wakae.

Nanyi mnaosoma hapa, nawaombeni kitu kimoja. Ndugu yako akija kukuomba jambo usilolielewa, usikimbilie kusema hapana wala ndiyo. Mwache anywe chai, msogezee kiti, muulize ana nini. Mimi sikuuliza, na shemeji yangu amepoteza jicho.