Simu Ambayo Redio Hakuipokea

Kazini walimwita Redio kwa sababu hakujua kunyamaza. Alikuwa mpokeaji wa simu za dharura katika kikosi cha zimamoto, na hata zamu ikiwa ngumu namna gani alipata la kuwachekesha wenzake. Mkuu wa zamu alizoea kumwambia, "Wewe siku ukinyamaza tutajua umeme umekatika dunia nzima." Ila akivaa hedifoni na taa ya simu ikiwaka, sauti yake ilishuka, ikawa tulivu kama ya mtu anayembembeleza mtoto alale. Watu waliopiga wakilia walijikuta wakitaja mtaa na jina la jengo vizuri kabisa. Alikuwa hodari, na alijijua.

Asubuhi moja ghorofa lililokuwa bado linajengwa likaporomoka. Simu zikamiminika, na moja ikaangukia kwake. Ilitoka chini ya kifusi. Aliyepiga alikuwa fundi wa kupaka rangi, kijana kwa sauti yake, miguu imebanwa na nguzo, vumbi limemjaa kooni.

"Dada, usikate," alisema.

"Sikati. Niko hapa. Wanakuja."

Kijana akamwomba amsimulie chochote, maana kimya kilimtisha kuliko giza. Redio akamsimulia jinsi baba yake alivyomfundisha kuendesha baiskeli, mzee akikimbia nyuma ameshikilia kiti, kiatu kimoja kimebaki njiani. Kijana akacheka, akakohoa. Kila alipouliza waokoaji wako wapi, alijibiwa, "Wanakuja." Na kweli walikuwa juu yake, wakichimba kwa mikono kwa kuogopa kuangusha kilichobaki. Majibu yakawa mafupi, yakawa pumzi, kisha hata pumzi ikatoweka. Redio aliendelea kusimulia mpaka mkuu wa zamu alipomvua hedifoni taratibu.

Wenzake wakamkalisha pembeni. Wakamletea chai.

Alijaribu kurudi kazini, akashindwa. Taa ya simu ikiwaka, vidole vilikufa ganzi na jasho likamtoka. Akaacha kazi, akaajiriwa kwenye duka la vifaa vya ushonaji, akiuza zipu, vifungo na nyuzi. Simu yake aliizima mlio. Ujumbe wa maandishi aliujibu, ila sauti ya mtu sikioni hakuiweza. Mwanzoni marafiki walitania kwamba Redio imeharibika. Baadaye wakaacha kutania, wakaacha na kumtafuta.

Baba yake aliishi mji mwingine na dada mkubwa wa Redio. Mzee alipougua sana, dada aliandika: "Baba anataka kuongea na wewe. Napiga sasa hivi, pokea mdogo wangu."

Simu ikaanza kutetemeka juu ya kaunta, kati ya makopo ya vifungo. Redio aliitazama ikisogea yenyewe kuelekea ukingoni. Alijua ni nani. Alijua kabisa. Mkono ukakataa. Ilipotulia akaandika, "Mwambie nakuja," akafunga duka na kukimbilia kituo cha mabasi. Alipofika nyumbani kwa baba alikuta viatu vingi mlangoni, akaelewa kabla hajaambiwa.

Baada ya maziko dada yake alimkuta amekaa jikoni na sufuria tupu mapajani.

"Sikulaumu," dada alisema. "Lakini huwezi kuendelea hivi. Tafuta mtu wa kuongea naye."

"Kuongea ndiko kunakonishinda, dada."

"Basi mwandikie."

Ndivyo ilivyoanza. Kwenye mtandao alimpata mshauri anayeshughulika na watu wazima waliopatwa na kiwewe, mwanamke aliyeishi mbali ambaye hakutarajia kumwona ana kwa ana. Mwanzoni waliandikiana tu, Redio akiwa kwenye stoo ya duka siku za mapumziko, maana chumba alichopanga kilikuwa na kuta nyembamba na jirani mwenye masikio marefu. Kisha wakajaribu sauti, kwa spika, bila hedifoni. Kisha video. Mshauri akawa mama wa makamo mwenye miwani iliyomteleza puani na pazia la kijani nyuma yake.

"Hatuanzi na kifusi," alimwambia. "Tunaanza na njia ya kurudi." Akamfundisha kukanyaga sakafu kwa nyayo zote, kutaja anavyoviona, kushika kitu baridi. Redio alitaja mikanda ya lastiki na mabunda ya lesi mpaka akajicheka. Wakakubaliana jambo moja zaidi: mtandao ukikatika, mshauri ndiye atakayepiga simu ya kawaida.

"Utapokea?"

"Nitajaribu," Redio alisema, ingawa hakujiamini.

Ikafika siku ya kusimulia. Mshauri alimwomba aseme kama jambo linalotokea sasa, polepole, asimame popote akitaka. Redio akafumba macho. Akaeleza vumbi kwenye sauti ya kijana, kile kicheko, kile kikohozi. "Sasa hajibu," alisema. "Namwita. Hajibu." Akafumbua macho kumtafuta mshauri, akakuta uso wake umeganda kwenye skrini, mdomo nusu wazi. Hakuna sauti.

"Mshauri?" aliita. "Mshauri, upo?"

Skrini ikawa nyeusi.

Redio akateremka sakafuni, mgongo kwenye mabunda, akihema kama aliyekimbizwa. Alikuwa amerudi kwenye kile chumba cha simu za dharura, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumvua hedifoni. Simu ikaanza kutetemeka mkononi. Iliita ikakata. Ikaita tena. Redio alikuwa analia kwa sauti, lakini kidole kikagusa kitufe, na simu ikapanda mpaka sikioni.

"Ni mimi," mshauri alisema. "Mtandao ulikatika. Mimi niko salama, nimekaa kwenye kiti changu. Na wewe uko wapi?"

"Stoo," Redio alijibu. "Niko stoo."

Haikuwa dawa ya mara moja. Walilirudia lile simulizi wiki baada ya wiki, na zipo siku alizotoka stoo akiwa hoi kuliko alivyoingia. Ila vidole viliacha kufa ganzi, na akaanza kupokea simu za wateja, kwa maneno machache.

Kadiri kijana alivyotulia kichwani mwake, ndivyo baba alivyosogea mbele. Huzuni hiyo haikuwa na vumbi wala giza, ilikuwa huzuni tupu. Alasiri moja alimpigia dada yake, mara ya kwanza tangu aache kazi. Dada alishangaa, kisha wote wawili wakalia.

"Alitaka kuniambia nini?" Redio aliuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Nilimuuliza kama nikuandikie, akakataa. Akasema hayo ni yake na wewe."

"Hakusema kitu kingine?"

"Aliniomba nimwinue akae vizuri, ili asikike akiongea. Basi."

Mteja aliingia akitaka uzi mweusi. Redio akampa ishara asubiri, akaendelea kushikilia simu sikioni, akimsikiliza dada yake akipenga kamasi upande wa pili.