Alimlea Asikue

Chuma cha reli kilichoning'inizwa langoni kiligongwa saa kumi na mbili jioni, kama kila siku, na Erastus hakuwa amerudi. Wangeci alisikia milango ya kambi ya wafanyakazi ikifungwa mmoja baada ya mwingine, mpaka ikafika zamu ya mlango wake. Akauacha wazi upana wa kidole. Nyapara alipopita na taa yake aliupiga teke.

"Funga, mama! Unataka faini?"

Akafunga, akatia komeo, akakaa kwenye kigoda mgongo ameuegemeza kwenye ubao wa mlango. Ulikuwa mwaka wa 1955, na katika shamba lile la kahawa nje ya Ruiru, mlango ukishafungwa haufunguliwi mpaka chuma kigongwe tena asubuhi. Aliye nje, yuko nje.

Habari alizokuwa nazo zilikuwa chache, tena aliletewa na jirani yake Nelima, mwanamke wa Bungoma aliyekuja na mumewe kutafuta kazi. Mchana ule Nelima alikuwa dukani Ruiru, akaona lori la askari mbele ya kiwanda cha kukoboa kahawa, na wanaume wa Kikuyu wamechuchumaa mstari mmoja, mikono kichwani.

"Lakini kijana wako si yuko na mbuzi wa karani wa shamba?" Nelima alisema. "Huko kiwandani atafuata nini?"

"Yuko na mbuzi," Wangeci alijibu. Alijua si kweli. Alikuwa amejua mwezi mzima, tangu alipoona kwapa la shati limefumuka. Alilishona. Siku ya nne likafumuka palepale. Mbuzi hawapasui shati kwapani.

Wangeci alikuwa Mkikuyu wa upande wa Kalimoni, akasoma madarasa mawili ya misheni, kiasi cha kujua kusoma jina lake na bei ya sukari. Aliolewa na seremala mpole aliyependa kula polepole. Mwaka uliopita seremala yule alikwenda Nairobi kununua misumari, akamchukua Erastus amsaidie kubeba, na siku hiyohiyo ndiyo askari walilizingira jiji zima kuwakamata wanaume wa Kikuyu. Baba akatupwa kwenye lori. Mwana naye alishika ubao wa lori ili apande, askari akaitazama miguu yake myembamba kama ya kunguru, akamsukuma. "Wewe mtoto, nenda kwa mama yako." Erastus alikuwa na miaka kumi na sita. Alitembea kwa miguu mpaka Ruiru, misumari begani.

Baadaye ikaja kadi ya baba kutoka kizuizini, yenye maneno sita: Niko mzima. Lisha mtoto. Salimia wote.

Wangeci aliisoma kadi ile mara nyingi, kisha akafanya kinyume chake. Maana alikuwa ameona lililomwokoa mwanawe. Si sala, si ujanja, ni wembamba. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wangeci alimlea asikue. Akakitoa kibakuli cha bluu alichomlishia akiwa na miaka mitano, akawa anampakulia githeri ya mahindi na maharagwe humo, kijiko mara mbili na cha tatu nusu. Maziwa akasema yanaleta makohozi. Kaptura za zamani akazitia viraka badala ya kumshonea suruali. Ofisini akaandikisha kwamba ana miaka kumi na mitatu, akamwombea kazi ya kuchunga mbuzi wa karani. Kilichobaki chunguni alikipeleka kwa watoto wa Nelima chini ya kanga, kama mtu anayeficha wizi.

Erastus naye alikuwa akitafuta mwili kama wengine wanavyotafuta kazi. Alikuwa akiinua mawe nyuma ya choo. Aliupima mkono wake kwa uzi wa mkonge, juu ya kiwiko, akafunga fundo. Kila Jumapili aliuzungusha tena, na fundo likakataa kuhama. Vijana wa kambi walimwita Njiti.

"Maitu," alimwambia mama yake siku moja, "Jeconia wa Nelima tunalingana miaka. Mbona mikono yake ni kama mchi?"

"Wale wamezaliwa hivyo."

"Wale wanakula!"

Nelima hakuficha mawazo yake. "Mama Erastus, uchoyo wako umezidi! Kijana unamlisha kama kuku anayeatamia. Kwetu kijana hula ugali mpaka sahani iombe msamaha!"

"Ana minyoo," Wangeci alisema, akacheka, akaondoka. Kuitwa mchoyo ilikuwa bei nafuu.

Kisha mwezi uliopita, akitandika mkeka wa mwanawe, alikuta ule uzi wa mkonge. Ulikuwa na fundo la pili, mbali na la kwanza upana wa kidole kizima. Mahali fulani Erastus alikuwa anakula. Wangeci akaurudisha uzi chini ya mkeka. Kila jioni aliyatazama mabega yakirudi mlangoni, akaona yanajaa, na badala ya kufurahi kama mama mwingine, akaogopa. Akapunguza kijiko cha tatu.

Sasa usiku huu alikuwa na muda wa kuhesabu vijiko vyote hivyo. Hakuwasha taa. Chungu cha githeri kilikuwa mekoni, kimejaa, hakijaguswa. Mbwa wa nyapara alipobweka alisimama, aliponyamaza akakaa.

Jogoo walipoanza, akasikia hatua, kisha sauti ya mwanamume karibu kabisa na ubao.

"Mama Erastus. Ni mimi Kitheka, mkubwa wa makuli kule kiwandani. Usifungue, kengele bado. Sikia tu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Tena hakuchukuliwa."

Wangeci akashuka kwenye kigoda mpaka sakafuni. "Alifuata nini kwako?"

"Chakula, mama. Alikuja mwezi wa pili, amefunga mbuzi wa karani kando ya mto. Nikamwambia makuli tuna sheria moja: anayebeba gunia anakula sufuriani. Nikajua atakimbia. Siku ya kwanza alibeba matatu, akatapika. Kesho yake akarudi. Sasa hii kijana inakula ugali ya watu wawili na matumbo, na inabeba kama punda."

"Na jana?"

Kitheka alikohoa. "Jana askari wakapanga Wakikuyu. Wakafika kwake. Mmoja anasema huyu mtoto, angalia kaptura. Mwingine anasema angalia mabega. Wakabishana mpaka sajini akasema, mtwikeni gunia. Akibeba ni mtu mzima, apande lori. Akishindwa, ni mtoto."

"Akabeba?"

"Tangu asubuhi alikuwa amebeba thelathini. Akatwikwa, akapiga hatua mbili. Nikaona shingo imesimama, nikajua anataka kubeba. Alitaka sana, mama. Halafu akalegeza goti. Gunia likaanguka, na yeye chini yake, akalia. Na sisi tukacheka. Ilibidi tucheke, wasishuku. 'Kifaranga! Nenda ukanyonye!' Mimi ndiye nilipiga kelele zaidi. Nimebeba magunia miaka ishirini, sijaona zito kama hilo la kuangusha."

"Usiku amelala wapi?" Wangeci akauliza.

"Tukamficha stoo usiku. Tukapakua, akakataa kula. Anasema sufuria ni ya wale wamebeba."

Hapo ndipo maneno aliyoyafungia kifuani mwaka mzima yalipomtoka, yakapita kwenye ufa wa mlango. "Kosa si lake, Kitheka. Mimi ndiye nilimnyima. Si umaskini. Chakula kilikuwepo. Nilimpakulia kidogo kusudi, abaki mtoto, wasimwone."

Nje ikajibu sauti nyingine, nzito kuliko alivyoikumbuka:

"Kusudi, maitu?"

Wangeci akaweka kiganja kwenye ubao. "Umepitaje langoni?"

"Kitheka ana pasi. Mimi, askari alisema mtoto hana shida, apite." Akausogelea mlango. "Nilikuwa nikilala nasikia tumbo linanguruma."

"Hata mimi nilikuwa nalisikia," Wangeci alisema. "Kila usiku."

Kitheka akasema taratibu, "Mama, hii ya mtoto imeisha. Gunia likianguka mara ya pili hawataamini. Karani wetu anaweza kumwandikia barua ya kazi, apate kitambulisho. Lakini barua inataka miaka ya kweli."

"Akiandikwa mtu mzima, si wanaweza kumchukua kama baba yake?"

"Wanaweza."

"Na bila barua?"

"Watamchukua."

Wangeci akasimama. Juu ya rafu, chali, lilikuwapo bakuli la mbao la mumewe, alilolichonga mwenyewe, pana kama ungo mdogo. Akalipangusa vumbi kwa kanga. Akapakua githeri, akapakua tena, akaacha kuhesabu, mpaka mahindi yakaanza kudondoka ukingoni. Maziwa yote ya kibuyu akayamimina kwenye kikombe.

"Kitheka!" aliita. "Mwambie karani wenu, kumi na saba. Anatimiza kumi na nane mwezi wa kumi."

"Nitamwambia."

Chuma cha reli kikagongwa langoni. Wangeci hakungoja pigo la pili. Alivuta komeo, mlango ukafunguka.