Chungu cha Mama Kwenye Ndoo

Banange, leo chungu cha mama kimeyeyuka, na sheria iliyokiyeyusha ni yangu mwenyewe.

Mama alikuwa mfinyanzi kule Kakamega. Nilipoacha kazi ya benki hapa Kampala nikaanza kufinyanga, alininunia miaka miwili.

"Nilikusomesha uyakimbie matope," alisema.

Mwaka jana akaja mwenyewe kwenye karakana yangu, Ntinda. Akakaa chini, akafinyanga chungu kidogo. Kwenye shingo ya chungu akabonyeza kidole gumba, alama yake.

"Usikichome. Nitarudi tukichome pamoja."

Hakurudi. Tulimzika mwezi wa nne.

Nikakiacha kwenye rafu, kibichi vile vile. Kukichoma peke yangu sikuweza.

Leo nimerudi karakana kutoka Wandegeya, nikamkuta Irene, mwenzangu wa kazi, amesafisha rafu yote.

Sasa, sisi wafinyanzi chombo kikikauka bila kuchomwa na hakuna anayekitaka, tunakiloweka kinakuwa udongo tena. Irene nilimfundisha mimi.

"Kile kidogo kiko wapi?"

"Nimekiloweka, nnyabo. Kilikuwa kimepinda, nikadhani ni cha mwanafunzi."

Nikazamisha mkono kwenye ndoo mpaka kiwiko, natafuta kile kidole gumba.

Jamani, utatafutaje alama ya kidole kwenye uji?

Irene analia. Simlaumu.

Ila ndoo ilikuwa na vikombe vya wanafunzi pia. Hata udongo wa mama siujui ni upi.

Nimeifunika. Mnishauri niifanyeje, lakini asiiguse mtu.